Anaungama kwa Nani?

Mimbari ile aliitengeneza baba. Ilikuwa ya mninga, mizabibu imechongwa pande zote mbili na msalaba mbele, na ilimchukua wiki tano kwa sababu kila jioni, vijana wake wakishaondoka, aliirudia kwa msasa. Baba ni fundi seremala Keko, mmoja wa wale ambao kazi zao unaziona kando ya barabara ukipita na daladala: makochi yangali kwenye nailoni, vitanda vimeegemezwa kwenye nguzo, kabati zisizo na milango zikimsubiri mwenyewe amalizie fedha. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la saba. Siku mimbari ilipopelekwa kanisani tuliisindikiza mtaa mzima, imelazwa juu ya mkokoteni na kufunikwa shuka jipya la mama, na mtoto wa jirani akauliza nani amefariki.

Kanisa lenyewe lilikuwa ghala la kukodi. Kiongozi wake alijiita mtume na nabii, na sisi tulimwita "baba", jambo ambalo baba yangu mwenyewe hakulipenda lakini alilinyamazia kwa ajili ya mama. Oda ilikuwa mimbari, viti vitatu vya madhabahuni na mabenchi 40. Bei waliyopatana ni Sh 5,200,000. Baba alipewa 700,000 ya kuanzia, na mbao zilizobaki akazichukua kwa mkopo kwa mwenye mbao aliyemfahamu miaka mingi. Kazi ilipokabidhiwa, wiki ikapita, mwezi ukapita. Alipokwenda kudai aliambiwa kwamba amempandia Mungu mbegu, na mkulima mwenye akili hafukui mbegu aliyokwisha kuifukia.

Mwenye mbao hakuwa na theolojia hiyo. Alichukua mashine ya kuranda, kisha jenereta, na mwaka uliofuata baba akaliachia banda lake na kuanza kufanya vibarua kwenye mabanda ya wenzake, akiwa na miaka 48.

Hilo la fedha, nikisema kweli, ndilo dogo. Mama alikuwa kwenye kundi la waombaji. Hisa zake zote za kikoba, Sh 900,000, alikwisha kuzitoa kwenye sadaka ya kujitoa bila kumwambia mtu. Baba alipoendelea kudai, mama akaitwa ofisini na kuambiwa kwamba ndani ya nyumba yake kuna roho ya uasi, na kwamba asile sahani moja na mtu anayeshindana na mpakwa mafuta hadi atubu. Mama akahamia chumbani kwangu. Alilala kwenye godoro langu miezi minane, na kila usiku alimwombea baba kwa sauti ya chini, akimkemea kama mtu anayemkemea pepo, huku baba akikohoa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilikuwa na miaka 13. Nilijifunza kulala nikiwa nimeziba masikio kwa kanga.

Katika miezi hiyo ndipo bibi alipokuja kutoka Bukoba. Bibi mzaa baba alikuwa Mlutheri na mlokole wa zamani, wa kizazi kile ambacho neno hilo lilikuwa na maana tofauti na tunayoipa leo Dar es Salaam. Mama alimpeleka kanisani Jumapili moja, nadhani akitumaini bibi angemsaidia kumrudisha baba kundini. Bibi aliketi kwenye benchi alilotengeneza mwanawe, akasikiliza saa nne nzima, akatoa shilingi 1,000. Tuliporudi nyumbani mama alimuuliza ameonaje ibada. Bibi alivua viatu, akasugua miguu yake, akauliza:

"Huyu mtu wenu anahubiri vizuri. Lakini anaungama kwa nani?"

Mama alisema mtume anaungama kwa Mungu. Bibi akasema, "Ahaa," na hakuongeza kitu. Alifariki mwaka 2017. Sikupata nafasi ya kumuuliza alimaanisha nini, na kwa miaka mingi nililichukua swali lile kama kejeli ya mama mkwe.

Nililirudia nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya biashara ya mbao na mafundi wa Temeke, mada salama, yenye risiti. Msimamizi wangu alinituma kwenye chumba cha East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nitafute habari za mafundi waliohamia mjini kutoka Kagera. Badala yake nikajikuta nasoma juu ya watu walioungama. Niliacha kusoma saa ya kufunga, nikaenda kituoni, nikapitiliza daladala mbili bila kuziona.

Habari yenyewe, kwa ufupi wa haki, ni hii. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa mmisionari kwenye hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kali, watu wamekufa wengi, na imani yake mwenyewe ilikuwa imekauka. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyefanya kazi ya afya katika serikali ya Buganda, naye akiwa na kiu ileile. Waliketi wakasoma Biblia na kuomba pamoja, siku mbili. Hakukuwa na umati wala vipaza sauti. Mzungu na Mwafrika, katika zama za ukoloni, wanaambiana kwamba ndani yao kuna kitu kimekufa. Wanahistoria wengi wa uamsho wa Afrika Mashariki huanzia hapo.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Januari 1936 alisafiri kwenda Kampala kuikabili sinodi ya kanisa lake kwa maswali: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaoishi katika dhambi ya wazi wanakaribishwa kwenye Meza ya Bwana kana kwamba hakuna kitu? Alishikwa na homa akafa kabla ya kuyasema. Wenzake wakayasema kwa niaba yake, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likawa mwito wa watu wote wale. Fikiria kijana wa kanisa anayesimama leo mbele ya maaskofu, au mbele ya mtume wa ghalani, kuuliza swali kama hilo. Tunajua angeambiwa nini. Angeambiwa asiwaguse wapakwa mafuta.

Na kweli waliambiwa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kung'ang'ania mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yaliyowaudhi wakubwa. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi duniani bila kuwahi kuwa padre. Kitu kinachonivutia katika kisa cha Mukono ni kwamba hawakwenda kuanzisha kanisa lao. Wangeweza. Walokole wengi walibaki kwenye makanisa yaleyale yaliyowakasirikia, wakiwa kama mwiba mguuni, na jambo hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kwetu, ambako kila ugomvi wa kanisa huzaa bango jipya barabarani.

Jina walokole ni la Kiganda, abalokole, waliookoka. Lilivuka mpaka na kuingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati mbaya na mzuri kwa pamoja: vita vilipoanza mwaka 1939 wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na Walutheri wa Kihaya wakabaki wakijiongoza wenyewe kwa sehemu kubwa. Humo ndimo alimokulia Josiah Kibira, aliyekuwa mtu wa uamsho kabla ya kuwa askofu, na ambaye mwaka 1977, hapa hapa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Humo pia ndimo alimokulia bibi yangu, ambaye hakuchaguliwa kuwa chochote.

Walichokifanya kilikuwa rahisi na cha kuogofya. Walikutana kwa vikundi vidogo, wakasema dhambi zao kwa majina yake. Si "Bwana nisamehe makosa yangu" ya jumla, ile isiyomgharimu mtu. Walisema: niliiba misumari ya misheni, nilimpiga mke wangu Jumanne, nawachukia Wazungu, nawadharau Waafrika, na hilo la mwisho lilisemwa na wamisionari wenyewe mbele ya watu waliowatumikia. Walikuita huko kutembea nuruni. Kisha wakaimba Tukutendereza, wimbo ambao Wahaya, Wakikuyu na watu wengine wengi wanaendelea kuuimba kwa Kiganda hata kama hawajui neno jingine la lugha hiyo. Na baada ya kuimba, walirudisha. Majembe, fedha, vitabu, kodi waliyokwepa. Kila anayeandika juu ya uamsho ule analitaja jambo hili, la watu kutokea mlangoni pa mwajiri au jirani na kitu mkononi ambacho hakuna aliyekuwa amegundua kwamba kimepotea.

Hapo nilimwelewa bibi. Aliulizia utaratibu. Katika kundi lake hapakuwa na mtu aliyesikiliza tu maungamo ya wengine. Mchungaji aliungama. Mwinjilisti aliungama. Anayekuambia utubu, wiki iliyopita wewe ulimsikia akitubu, na unajua kosa lake. Ukishajua kosa la mtu ni vigumu kumwita mpakwa mafuta asiyeguswa.

Sitaki kuwapamba. Walokole walikuwa na ubaya wao, na yeyote aliyelelewa nao anaujua. Maungamo yaligeuka umbeya mara nyingi tu. Wanawake waliungama mambo ambayo wanaume wao waliyahifadhi kwa ajili ya wazee wa kikundi. Waliwahukumu waliosuka nywele kwa mitindo, waliokopa, waliocheka sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waligawanyika Uganda kwa sababu baadhi yao waliona wenzao wamelala tena usingizi, na kundi la "walioamka upya" likawa kali kuliko chanzo chake. Shangazi yangu mkubwa aliachwa bila kusalimiwa mwaka mzima kwa sababu alichukua mkopo wa cherehani. Dawa ileile, ukizidisha kipimo, inakulaza.

Lakini weka desturi yao kando ya mambo mengine mawili au matatu ya ukanda huu na utaona kwa nini siwezi kuiacha.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Baadaye polisi walifukua makaburi ya halaiki kwenye nyumba nyingine za kundi hilo, na jumla ya waliokufa ikazidi 700. Wafuasi walikuwa wameuza mali zao na kuwakabidhi viongozi. Waliahidiwa mwisho wa dunia tarehe 31 Desemba 1999. Januari ilipofika na jua lake la kawaida, baadhi walianza kudai vitu vyao. Viongozi, akiwamo Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, hawakuwahi kufikishwa mahakamani. Harakati ilikuwa imesajiliwa kisheria. Mmoja wa viongozi wake, Dominic Kataribaabo, alikuwa padri aliyesomea shahada ya uzamili Marekani. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, mimi ninayedhani usomi ni chanjo.

Kanungu ilikuwa sehemu ya Kigezi ya zamani, nchi ileile ambako mwaka 1935, mjini Kabale, uamsho wa walokole ulilipuka kwenye mkutano mkubwa. Kutoka Kabale hadi Kanungu si mbali. Sisemi kwamba kimoja kilizaa kingine. Kundi la Kibwetere lilitoka upande wa Kikatoliki na historia yake ni nyingine. Ninachotazama ni kitu kimoja tu: pale Kanungu wafuasi walikatazwa kuzungumza. Waliwasiliana kwa ishara za mikono. Katika nchi ambayo miaka 65 kabla yake watu walikuwa wamepata uzima kwa kusema, kundi hili lilifanya ukimya kuwa utakatifu, na ndani ya ukimya huo hakuna aliyeweza kumuuliza jirani yake, "Na wewe wamekuahidi kukurudishia shamba lako?"

Aprili 2023, kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, polisi walianza kufukua wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Miili ilizidi 400, watoto wakiwa wengi. Uchunguzi ulionyesha njaa, na kwa baadhi yao dalili za kunyongwa au kupigwa. Mackenzie amekana mashtaka na kesi zake ni za mahakama kuamua. Lakini namna watu walivyofikishwa msituni inajulikana: acha shule, acha hospitali, acha ndugu wasioamini, choma vyeti. Aliwahi kukamatwa miaka ya nyuma kwa mafundisho ya kupinga shule. Kwa kila hatua mtu mmoja zaidi wa kuulizwa maswali aliondolewa kwenye maisha ya mfuasi, hadi akabaki anayehubiri peke yake.

Na hapa kwetu tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Walikwenda kutafuta afya, biashara, mume, mtoto. Mama alitazama habari ile kwenye televisheni ya jirani, akarudi nyumbani, akasema neno moja: "Ningekuwepo." Sikumjibu. Alikuwa anasema kweli.

Tunapenda kuuliza kwa nini watu hawa ni wajinga. Nimelisikia swali hilo kwenye semina, likiulizwa na wenzangu wenye miwani mizuri. Mama yangu si mjinga. Aliendesha kikoba cha wanawake 22 kwa daftari la kurasa 96 bila senti kupotea. Alikuwa na shida ambazo hakuna ofisi iliyozipokea: mimba mbili zilizoharibika, mume asiyesema, kodi ya nyumba. Mtu alimtazama usoni akamwambia Mungu anaijua shida yake. Hilo peke yake lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lililofuata lilimuumiza kiasi kile. Ezekieli, mwanzoni mwa sura ya 34, hawalaumu kondoo. Anawalaumu wachungaji wanaovaa manyoya yao na kunywa maziwa yao, na wala hamwambii kondoo yeyote kwamba angekuwa na akili zaidi.

Mtume wetu aliondoka Keko mwaka 2016 kwa maono mapya ya upande mwingine wa jiji. Ghala likarudi kuwa ghala. Mama alikuwa amerudi chumbani kwa baba kabla ya hapo, usiku mmoja, bila maelezo, na baba alisogea ukutani kumpisha. Lakini hakwenda tena kanisa lolote. Jumapili alifua. Akisikia mtu anasema "Bwana asifiwe" dukani, mkono uliokuwa na noti ulitetemeka, nami niliuona. Biblia yake aliifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati, mahali ambapo wengine huweka vyombo vya wageni. Baba aliacha kabisa kulitaja jina la Mungu, hata kwenye salamu. Mimi niliendelea kuamini kwa namna ya mtu anayeficha barua.

Uponyaji, ulipokuja, ulikuja na mtu ambaye tulikuwa hatumpendi. Mwaka juzi, Jumamosi, aliyekuwa mtunza hazina wa kanisa lile alipiga hodi. Amezeeka, anasafisha meno ya juu kwa ulimi kama mtu mwenye pengo jipya. Baba alikuwa uani anapaka vanishi miguu ya stuli. Hakumkaribisha kiti, na kwa Keko, kwenye nyumba ya fundi, hilo ni tusi.

Mzee yule alibaki amesimama. Alisema, "Fundi, fedha za mabenchi zilichangwa zote. Nilizihesabu mimi. Baba mtume alinunulia gari. Mimi alinipa laki sita ninyamaze, na wewe ulipokuja ofisini nikakwambia hazina haina kitu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilisubiri neno "lakini". Nimesoma maungamo mengi maktabani na najua mahali ambapo "lakini" hukaa. Halikuja. Alimgeukia mama akaongeza, "Na wewe mama, yale ya roho ya uasi, tuliyapanga ofisini. Nilikuwepo."

Mama aliketi chini, palepale kwenye takataka za randa.

Baba aliendelea kupaka vanishi mguu mzima wa stuli, juu hadi chini, kabla ya kusema. Kisha akauliza, "Kwa hiyo laki sita?"

"Laki sita. Ya mtume siwezi kuilipa. Hii niliyokula mimi nitailipa. Elfu hamsini kila mwezi."

"Zakayo alilipa mara nne," baba akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumsikia akimtaja mtu wa kwenye Biblia.

Mzee yule hakujua kama acheke. Baba alimsukumia stuli ambayo haijapakwa.

Siku ile nilitaka kumwambia kila kitu: Namirembe, Gahini, Mukono, bibi. Sikusema. Nilimuuliza tu, alipokuwa anaondoka, nani amemtuma. Akasema hakuna, anasali siku hizi kwenye kikundi cha nyumba kwa nyumba huko Mbagala, watu tisa, na wiki moja mwenye nyumba alisimama akakiri kwamba aliwahi kumdhulumu mpangaji wake, na mpangaji mwenyewe alikuwa ameketi pale. "Nikashindwa kulala," akasema. Hajawahi kusikia habari za Joe Church. Watu hawa hupokezana kitu bila kujua kimetoka wapi, na sisi wanahistoria huja nyuma na majina na miaka.

Kuna wasomaji watakaosema ninamsamehe mtunza hazina haraka mno, au kwamba dawa ya matapeli ni polisi na Msajili wa Jumuiya, si vikundi vya kuungama. Kuhusu polisi nakubali kabisa. Mtume bado anahubiri, mimbari yake sasa ni ya kioo, na ningependa siku moja aulizwe kuhusu lile gari na mtu mwenye kitambulisho cha serikali. Msamaha haujafuta deni lake. Wala baba hajasema amemsamehe. Ila niseme nilichokiona. Hakimu angeweza kumrudishia baba fedha zote na mama angeendelea kutetemeka dukani. Mama alihitaji kusikia mtu aliyekuwemo chumbani akisema: haikuwa sauti ya Mungu, ilikuwa sisi. Kwa miaka kumi alikuwa akiogopa kwamba Mungu ndiye aliyemwambia amchukie mume wake.

Wiki tatu baadaye aliishusha Biblia kutoka juu ya kabati. Hakwenda kanisani mara moja. Alianza na jumuiya ya mtaa, alfajiri ya Jumamosi, kwenye nyumba ya mama anayeuza maandazi, ambako watu kumi na moja huketi kwenye ndoo na vigoda na kusoma kipande kimoja, kisha kila mmoja anasema alichosikia. Jumamosi ya kwanza alikaa karibu na mlango. Nilimsindikiza, na nilimwona akihesabu waliomo, kama anavyohesabu hisa. Wakati wa maombi, kiongozi wa jumuiya, dereva wa bajaji, aliomba radhi mbele ya wote kwa sababu wiki iliyopita alimjibu mkewe vibaya, na mkewe akasema "na juzi pia", watu wakacheka, na mama akacheka nao, mkono ukiwa mdomoni.

Mimi ninaandika tasnifu yangu juu ya marejesho ya mali katika uamsho wa Bukoba, 1939 hadi 1950. Si mada ya mbao, ingawa majembe yapo mengi.

Mimbari ya mninga iliachwa ghalani, na mwenye ghala alimpigia baba aende kuichukua kwa sababu inamzibia nafasi. Iko uani. Mizabibu bado imekaa vizuri. Baba huweka juu yake makopo ya vanishi na redio, na akiulizwa kwa nini asiivunje atoe mbao, husema mbao za zamani zina misumari mingi. Mtunza hazina hutuma zake kila tarehe tano kwa simu, na mama huziandika kwenye daftari la kurasa 96, la zamani, kwenye kurasa zilizobaki baada ya kikoba. Mwezi uliopita alituma 30,000 badala ya 50,000, na ujumbe kwamba mjukuu anaumwa. Mama aliandika 30,000. Kisha akampigia kuuliza mtoto anaendeleaje, na wamempeleka hospitali gani.